Kazi moja, mishahara mbalimbali

Wengi mliorejea nyumbani, na nyinyi mnaovuka mpaka kila siku, huniuliza: mbona msimamizi wa ofisi Nairobi humzidi mwenzake wa mji mdogo, ilhali makarani na mafaili ni yale yale?

Jibu la kwanza ni nyumba. Katika utumishi wa umma nchini Kenya, mshahara wa msingi hufuata daraja la kazi, lakini marupurupu ya nyumba hupangwa kwa makundi ya maeneo. Nairobi iko juu, vijijini ni mwisho.

La pili ni sheria. Mwaka 2022 kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kiliwekwa Sh15,201 kwa mwezi. Wa maeneo ya mbali Sh8,109. Msimamizi hupata zaidi, lakini kima kikiwa chini, naye hana nguvu ya kudai.

Kwa majirani hali ni nyingine. Tanzania hupanga kima cha chini kwa sekta, si kwa mji. Uganda ilibaki na Sh6,000 za mwaka 1984. Burundi ilipanga mwaka 1988 faranga 160 kwa siku Bujumbura, 105 mikoani. Viwango hivyo havinunui kitu. Mshahara ni maelewano yako na mwajiri.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukiitwa kusimamia ofisi, uliza kituo ni wapi, kodi ya nyumba huko ni kiasi gani, na ukihamishwa marupurupu yatakuwaje. Kisha yote yaandikwe kwenye barua ya ajira. Mshahara mnono wa Nairobi unaweza kuishia kwa mwenye nyumba, na ule mdogo wa Namanga ukakuachia akiba.