Gimba-Sumaku la Kwasari: Istilahi na Hali ya Kitenzi

Dhana ya kisayansi iingiapo katika Kiswahili, aghalabu mjadala huishia kwenye istilahi: je, tukope au tubuni? Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja wa elimu ya falaki, kwamba ukweli wa maelezo hutegemea pia kitenzi.

Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kwamba 3C 273, iliyodhaniwa kuwa nyota, iko umbali wa miaka-nuru zaidi ya bilioni 2. Ili ionekane kutoka huko, haina budi kung'aa kuliko galaksi nzima. Magimba ya namna hiyo yakaitwa kwasari. Nguvu zao zilitoka wapi?

Katika miaka ya 1960, Leonid Ozernoy wa Urusi alipendekeza magnetoidi, yaani gimba moja kubwa la gesi ya moto, lenye uzito wa mamilioni ya jua, linalozunguka na kushikiliwa na sumaku yake lisiporomoke. Mwaka 1969 Philip Morrison alilinganisha kwasari na pulsari kubwa mno: mzunguko hupungua polepole, na nguvu zake hutolewa nje kwa njia ya sumaku. Wakati huo mwandishi angesema kwa haki: "Kwasari ikiwa gimba-sumaku, mwanga wake utakuwa na mpigo wa kawaida." Kiambishi -ki- huacha mlango wazi.

Lakini mwanga wa kwasari hubadilika pasipo mpigo thabiti kama ule wa pulsari. Aidha, tangu 1964 Edwin Salpeter na Yakov Zeldovich walikuwa wamependekeza chanzo kingine: gesi inayoangukia shimo jeusi. Fikira hiyo ndiyo inayokubaliwa na wanafalaki wengi leo. Hivyo sasa twapaswa kuandika: "Kama kwasari ingekuwa gimba-sumaku, mwanga wake ungekuwa na mpigo." Kiambishi -nge- chafunga mlango bila kuifuta hoja.

Sumaku yenyewe haikutupwa. Mwaka 2021 picha za kiini cha galaksi ya M87 zilidhihirisha uga wa sumaku kandokando ya shimo jeusi.

Basi anayefasiri "magnetoidi" kwa jina zuri, kisha akaandika "ni" palipostahili -nge-, humfundisha msomaji jambo lisilothibitishwa. Kamusi za istilahi haziwezi kumwokoa. Sarufi tuliyo nayo yaweza.