Je, Wajua? Barua na Mizigo ya Beni na Butembo

Je, wajua kwamba okapi, mnyama anayejivuniwa na Kongo nzima, alitambuliwa na wataalamu wa Ulaya kwa mzigo uliotoka Beni? Mwaka 1900 Harry Johnston, kamishna maalumu wa Uingereza nchini Uganda, alifika ngome ya Mbeni, kituo cha serikali ya mfalme Leopold II. Hapo alipata vipande vya ngozi ya milia ambavyo askari walikuwa wamevigeuza mikanda, akavituma London. Mtaalamu wa wanyama Sclater, aliyekuwa na mikanda hiyo tu mkononi, alidhani ni aina mpya ya punda milia, na mwaka 1901 akamwita Equus johnstoni.

Kisa hakikuishia hapo. Luteni Meura wa Mbeni alikuwa ameahidi kutafuta ngozi nzima, lakini homa ilimwua kabla hajaipata. Naibu wake, Karl Eriksson kutoka Uswidi, akaitimiza ahadi ya marehemu: akampelekea Johnston ngozi kamili na mafuvu mawili. Mafuvu ndiyo yaliyotoa siri. Huyu si punda, ni ndugu wa twiga! Mwaka uleule wa 1901 jina likawa Okapia johnstoni. Watoto wetu wangefundishwa kisa hiki kabla ya kufundishwa habari za simba, kwa maana kimeanzia kwao.

Je, wajua kwamba ngome hiyo haikuwa mahali ulipo mji wa Beni wa leo? Ilisimama kando ya mto Semliki.

Na je, wajua kwamba okapi naye alikuja kusafiri juu ya bahasha? Yumo katika stempu za Kongo ya Ubelgiji za mwaka 1942, na mwaka 1984 Zaïre ilimtolea mfululizo wake mzima pamoja na shirika la WWF.

Stempu za kwanza za Kongo zilitoka 1886, mwaka ambao Kongo iliingia Umoja wa Posta wa Dunia. Zilikuwa na kichwa cha Leopold II. Alipoiachia Ubelgiji nchi mwaka 1908, hapakuwa na stempu mpya tayari, basi zile za zamani zikagongwa muhuri wa "CONGO BELGE". Uhuru wa 1960 nao ulikuja hivyohivyo: stempu za maua za wakoloni ziliandikwa "CONGO" juu yake zikaendelea kuuzwa.

Jirani zetu wa Uganda walianza kwa namna ya ajabu zaidi. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu kwa taipureta, moja moja, na bei yake haikuwa senti wala rupia bali kauri, zile simbi za baharini zilizokuwa fedha ya sokoni.

Je, wajua kwamba Butembo iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Kinshasa? Chora mstari ulionyooka kwenye ramani: Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,600, Mombasa ni kama 1,250. Ndiyo maana barua za ng'ambo zimetafuta njia ya mashariki, na taasisi nyingi za huku zikapanga masanduku ya posta nje ya nchi: watu wa Goma walikuwa nayo Gisenyi, wa Bukavu Cyangugu, nasi upande wa Kasese, Uganda. Barua ya mtoto aliyeko Ulaya ilikuwa na neno "Uganda" au "Rwanda" kwenye anwani, ilhali mama yake hajawahi kuvuka mpaka.

Ukivuka mpaka pale Kasindi, saa inabadilika: saa nne asubuhi upande wetu, Mpondwe upande wa Uganda ni saa tano. Dereva aliyekabidhiwa barua ajue hilo, la sivyo atakuta ofisi za upande wa pili zimeshafungwa.

Ofisi ya posta ya taifa nayo imebadilisha jina mara kadhaa: ONPTZ wakati wa Zaïre, kisha OCPT, sasa SCPT. Mwenye bahasha za baba yake azitunze, kwa kuwa herufi hizo zinasema barua ni ya enzi gani.

Na siku hizi? Nenda kwenye ajensi ya mabasi Butembo asubuhi, uangalie koli zinazongoja gari la Beni. Mfuko wa plastiki umezungushiwa skochi mara tatu. Jina la mpokeaji limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mtaa haumo, nyumba haina namba. Chini ya jina, kwa tarakimu kubwa kuliko jina lenyewe, kuna namba ya simu. Koli ikifika Beni, kijana wa ajensi anapiga namba hiyo, na mwenyewe anakuja kuichukua.