Je, Wajua? Kabla Katapila Halijapanda Kilimani

Je, wajua kwamba ukiacha maji, hakuna maliasili ambayo binadamu huitumia kwa wingi kuliko mchanga na changarawe? Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2022 kuwa dunia hutumia tani bilioni 50 kila mwaka. Zinatosha kujenga ukuta wenye upana wa mita 27 na kimo cha mita 27 kuizunguka dunia nzima. Mchanga wa jangwani haufai sana kwa zege, maana upepo umezisugua chembe zake hadi zikawa mviringo. Ndiyo maana tipa huelekea mtoni na kilimani.

Je, wajua kwamba Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni? Simama kwenye daraja lolote wakati wa kiangazi, kisha uniambie.

Je, wajua kwamba kuna samaki ambao mtaalamu wa kukagua viumbe kabla ya machimbo kuanza, akija Agosti, hawezi kuwaona, hata angekuwa hodari vipi? Ni jamii ya Nothobranchius, samaki wadogo wa vidimbwi vya mvua, madume yao yakiwa na rangi za kung'aa kama khanga mpya. Jike hutaga mayai kwenye tope. Kidimbwi kikikauka, wazazi hufa wote. Mayai hubaki kwenye udongo mkavu miezi na miezi, yakisubiri masika. Maji yakirudi huanguliwa mbio, na spishi moja ya huko Msumbiji hupevuka ndani ya wiki mbili tu. Kenya na Tanzania zina spishi kadhaa, na mojawapo inaishi Zanzibar. Sasa fikiria fomu ya ukaguzi iliyojazwa kiangazi: "Samaki: hakuna." Aliyeandika hakudanganya. Alikuja mwezi usiofaa, kisha katapila likaja na kuzoa udongo pamoja na mayai.

Je, wajua kwamba ndege aitwaye mpasuasanda hajengi kiota kabisa? Hutaga juu ya changarawe tupu, akatulia hapohapo mchana kutwa, na rangi yake ni ile ile ya majani makavu na mawe. Unaweza kumkaribia hadi hatua chache usimwone. Mtafute usiku kwa tochi: macho yake hurudisha mwanga. Madereva wa barabara za vumbi wanamjua vizuri kuliko wakaguzi wa mchana.

Je, wajua kuhusu kobe bapa, yule wa miamba ya Kenya, Tanzania na kipande cha Zambia? Gamba lake ni jembamba na hunepa. Akitishwa hajifichi ndani ya gamba kama wenzake. Hukimbia, tena kwa kasi, akajibanza kwenye ufa wa mwamba. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu kwa mara moja, kwa hiyo wakipungua huchukua muda mrefu kurudi. Mwamba ule ule ndio mvunja kokoto anaoutaka. Mkaguzi asiyepiga magoti kumulika nyufa amefanya matembezi tu.

Je, wajua kwamba pimbi huenda haja mahali pale pale kizazi baada ya kizazi? Kusini mwa Afrika, marundo yaliyogandamana ya vinyesi na mikojo yao yamehifadhi chavua za makumi ya maelfu ya miaka, na wanasayansi huzisoma kujua hali ya hewa ya zamani. Doa jeupe wanaloacha jabalini si uchafu wa kupuuza.

Je, wajua kwamba chura wa Kihansi, huko Tanzania, aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa tayari unaendelea? Hayakuwa machimbo, najua, lakini sioni mfano ulio bora zaidi wa kutazama kwa kuchelewa. Chura huyu mdogo, anayezaa watoto kamili badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililolowa rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, rasharasha zikakatika. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wakitunzwa Marekani, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani, ambako mabomba yamewekwa kunyunyizia maji.

Je, wajua kwamba kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zilimtaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na wananchi watakaoathirika? Wengi huulizia fidia na ajira, na wana haki. Mimi ningependa pia mchungaji wa mbuzi apewe kipaza sauti, aulizwe kidimbwi hujaa mwezi gani na kobe hutokea wapi mvua ikinyesha.