Printa ya Zamani, Seva Mpya na Suala la Waya

Kompyuta za ofisi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini printa ya leza haina haraka hiyo. HP LaserJet 4, iliyoingia sokoni mwaka 1992, ilichapa kurasa 8 kwa dakika kwa nukta 600 katika kila inchi, na herufi zake hazina cha kuonea haya mbele ya printa za leo. LaserJet 4000 ikafuata mwaka 1997, na kasi yake ilikuwa karibu maradufu. Mashine za namna hii zikitunzwa hudumu, na katriji za tona za kuziwekea bado zinauzwa. Kinachozikwamisha mara nyingi ni waya. Seva mpya imeletwa na imefungwa kwenye kabati lake, lakini nyuma yake hakuna tundu linalofanana na lile la printa.

Kampuni ya Centronics ya Marekani ilianza kutumia tundu hilo kwenye printa zake mwaka 1970. IBM ikaliweka kwenye PC yake ya mwaka 1981 kwa umbo la pini 25, na kwa takriban miaka 20 likawa ndilo tundu la printa karibu kila mahali. Mafundi huliita poti ya paraleli kwa kuwa hupitisha biti nane kwa mpigo, kila moja kwenye waya wake. USB ilipoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, poti hiyo iliachwa kidogo kidogo, na kwenye seva za sasa ni nadra kuiona.

Kabla ya kununua kebo yoyote, mwenye printa anapaswa kujua printa yake inaelewa lugha gani. Jambo hili ndilo linaloamua mengine yote, na ndilo watu wengi hulifikia mwisho, pesa zikiwa zimeshatoka mfukoni. LaserJet 4 inaelewa PCL 5e, lugha ya maagizo iliyobuniwa na HP. LaserJet 4000 inaelewa hiyo, inaelewa PCL 6, na inaelewa pia PostScript, lugha iliyoanzishwa na Adobe. Printa ya kundi hili hupokea maagizo kwamba herufi fulani ikae hapa na mstari fulani upite pale, kisha ikaupanga ukurasa yenyewe. Seva ikitumia draiva (programu inayotafsiri kazi kwa lugha ya printa) ya PCL 6 kwa printa inayojua PCL 5e tu, zitatoka karatasi zilizojaa alama zisizosomeka, na lawama itaangukia kebo isiyo na kosa.

Kundi la pili ni printa ndogo za bei nafuu zilizokuja baadaye, kama LaserJet 1018 na 1020. Hizi hazipangi ukurasa. Kompyuta ndiyo huupanga wote na kuutuma ukiwa tayari umegeuzwa kuwa nukta. Tena printa hizi mbili hazihifadhi programu inayoziendesha: kila zinapowashwa, kompyuta lazima izitumie programu hiyo upya kupitia USB, la sivyo hazichapi kitu. Kisanduku cha kuunganisha printa na mtandao kisichoweza kazi hiyo hakizifai, hata kiwe cha bei gani.

Njia ya haraka kuliko zote ni kuichomeka printa kwenye seva yenyewe, kwa kebo ya USB au kwa kebo ya kugeuza USB kuwa paraleli. Ofisi ya chumba kimoja, ambayo seva yake iko chini ya meza ya mhasibu, inaweza kuishi hivyo bila matatizo. Lakini kebo ya kawaida ya USB haipaswi kuzidi mita 5, na ya paraleli, hata ile bora inayofuata kiwango cha IEEE 1284 cha mwaka 1994, huishia mita 10. Kwa hiyo printa hulazimika kukaa na seva katika chumba kimoja, chumba ambacho wafanyakazi hawatakiwi kuingia na kutoka kila dakika, na ambacho vumbi la karatasi halitakiwi kabisa. Baadhi ya kebo za kugeuza, hasa za bei ya chini, hupeleka data upande mmoja tu, hivyo seva haipati habari kwamba karatasi zimeisha au zimekwama.

Siku hizi kuna kikwazo kingine kizito zaidi. Seva nyingi ni mashine pepe, yaani programu inayofanya kazi kama kompyuta kamili ndani ya kompyuta kubwa. Mashine pepe inaweza kupewa kifaa cha USB, lakini tangu hapo inakuwa imefungwa kwenye kompyuta ile iliyochomekwa waya. Ikihamishiwa kompyuta nyingine wakati wa matengenezo, printa inabaki ilipokuwa na uchapaji unasimama.

Ndiyo maana, kwa printa yenye lugha yake, njia inayostahili kuchaguliwa ni kuipa nafasi yake kwenye mtandao na kuiachia seva kazi ya kusimamia foleni. HP ilianza kuuza vifaa vya JetDirect kwa kazi hiyo mwaka 1991. Printa yenye herufi N katika jina lake, kama 4000N, ilitoka kiwandani ikiwa na kadi ya mtandao. Isiyo nayo inaweza kuwekewa, ila mnunuzi awe macho: LaserJet 4 hutumia kadi ya aina ya MIO, LaserJet 4000 hutumia EIO, na moja haiingii mahali pa nyingine. Pasipo nafasi ya kadi, kuna visanduku vya nje. JetDirect 300X huhudumia printa moja ya paraleli, na 500X huhudumia tatu. Kebo ya Ethaneti hufika mita 100, kwa hiyo printa inakaa kwa karani anayeitumia, na seva inabaki kwenye chumba chake chenye kufuli.

Wapo wanaohofia kwamba kadi hizi ni za polepole, kwa kuwa baadhi yake hazizidi megabiti 10 kwa sekunde. Hesabu inaondoa hofu hiyo. Ukurasa wa A4 wenye nukta 600 kwa inchi, bila kubanwa hata kidogo, ni kama megabaiti 4.3. Kwa kasi hiyo unapita kwenye waya kwa takriban sekunde 4, ilhali LaserJet 4 huchukua sekunde 7 na nusu kuutoa. Kinachoibana printa hiyo ni kumbukumbu, kwani ilitoka kiwandani na megabaiti 2 tu. Anayechapa picha nyingi atafute kwanza kumbukumbu ya kuongeza.

Usumbufu halisi uko kwenye anwani. JetDirect nyingi za zamani zisipopewa anwani na mtandao hujipa 192.0.0.192, ambayo kompyuta za ofisi haziwezi kuifikia. Printa inaonekana imewaka, taa ya mtandao inapepesa, na bado haipatikani. Inapaswa kupewa anwani ya kudumu, ama kwenye paneli yake ama kwenye ruta, kisha seva ielekezwe hapo kupitia poti ya mtandao namba 9100. Kisanduku cha 500X hutumia 9100, 9101 na 9102, moja kwa kila printa. Kwenye Linux, fundi ataandika kitu kama socket://192.168.1.50:9100, na kwenye Windows ataongeza poti ya TCP/IP yenye anwani hiyohiyo.

Mtu anaweza kuuliza seva ni ya nini tena, ikiwa kila kompyuta inaweza kuifikia printa yenyewe. Jibu liko katika shule yoyote wakati wa mitihani, walimu wanapotuma kazi kwa pamoja kwenye printa isiyo na mahali pa kuzihifadhi. Seva huzipokea zote, huzipanga na kuzitoa moja moja, na draiva husimamiwa mahali pamoja.

Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na CUPS, programu ya Michael Sweet iliyotolewa mwaka 1999 na kununuliwa na Apple mwaka 2007. Faida yake kwa printa kuukuu ni kubwa. Simu zinazotumia AirPrint, mfumo wa Apple wa mwaka 2010, haziwezi kuzungumza na LaserJet 4. CUPS huitangaza printa hiyo mtandaoni kwa niaba yake, huipokea kazi kutoka kwenye simu, na kwa msaada wa programu kama Ghostscript huigeuza iwe PCL. Barua iliyoandikwa kwenye simu inatoka kwenye mashine ya mwaka 1992.

CUPS hiyohiyo ndiyo tiba ya LaserJet 1018 na 1020. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi huwekwa karibu na printa na kuunganishwa nayo kwa USB. Ikiwekewa draiva ya foo2zjs, huipelekea printa programu yake kila inapowashwa, huku ofisi nzima ikiiona kama printa ya mtandao.

Usalama usiachwe kuwa suala la baadaye. Poti 9100 haiulizi nenosiri, na kadi za zamani zilitengenezwa wakati ambapo mtandao wa ofisi ulihesabiwa kuwa salama. Swichi au ruta iwekwe ili seva peke yake ndiyo iruhusiwe kuzungumza na printa, na printa isifikike kamwe kutoka kwenye intaneti. Seva nayo ina hatari zake. Mwaka 2021 kasoro iliyoitwa PrintNightmare iligunduliwa katika huduma ya uchapaji ya Windows, na ilimwezesha mshambuliaji kutwaa mamlaka yote ya kompyuta. Septemba 2024 kasoro nzito zilitangazwa katika programu zinazoandamana na CUPS. Masasisho yawekwe kwa wakati, na seva inayotunza akaunti na manenosiri ya ofisi nzima isipewe kazi ya kuchapa.

Umeme nao una masharti yake. Sehemu inayoyeyusha tona juu ya karatasi hufikia takriban nyuzi joto 200 na huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, kwa hiyo printa ya leza haifai kuchomekwa kwenye UPS inayolinda seva. Anayenunua printa iliyotumika kutoka Marekani asome kibandiko cha nyuma, kwani printa ya volti 110 ikichomekwa kwenye umeme wa Tanzania au Kenya huungua.

Waya zikishafungwa, majaribio yaanzie kwenye printa yenyewe. Ukurasa wa usanidi unaochapwa kutoka kwenye paneli huonyesha lugha inazozielewa, kumbukumbu iliyopo na, penye kadi, anwani iliyopatikana. Hapo seva iambiwe iitafute anwani hiyo kwa amri ya ping, halafu utumwe ukurasa mmoja wa majaribio. Ping ikijibiwa na ukurasa ukatoka na alama zisizosomeka, waya uachwe kama ulivyo na draiva ndiyo ibadilishwe.