Geti Linalojifungua: Tuchague Lipi kwa Nyumba Zetu za Pwani?

Ilikuwa baina ya Magharibi na Isha, stima imepotea mtaa mzima, na mama mkwe wangu ameketi ndani ya gari mbele ya lango letu na sufuria ya pilau miguuni. Ndani tulikuwa wanawake watatu na watoto. Geti tulilokuwa tukijisifia kwa majirani kwa wiki mbili, kwamba lafunguka lenyewe kwa kubonyeza rimoti, lilikuwa limesimama kimya kama ukuta. Ufunguo wa kuilegeza mota ili geti lisukumwe kwa mkono ulikuwako, lakini ulikuwa katika pete ya funguo za mume wangu, naye yuko Voi kikazi. Mlango mdogo wa kupitia watu hatukuwa nao tena. Tuliuziba siku geti lilipowekwa, fundi akisema hauna kazi. Basi bibi akapokewa barazani kwa jirani, na pilau ikaliwa huko huko, hadi stima iliporudi karibu saa nne. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, zamani mlango ulikuwa na komeo."

Tangu usiku ule nimekuwa mwanafunzi wa mageti. Nimeulizana na mafundi, nimechungulia nyua za jamaa, na nimegundua kwamba wengi wetu huchagua geti kwa kutazama picha kwenye simu ya fundi, ilhali jambo la kwanza la kutazamwa ni kiwanja chenyewe.

Sikatai kwamba geti la namna hii lina faida kubwa, hasa kwetu wanawake. Mama anayerudi na watoto usiku hana haja ya kushuka garini gizani na kuliacha gari linanguruma njiani. Lango hufunguka, gari huingia, lango hufunga nyuma yake, na sitara ya nyumba haikuvunjika. Lakini faida hiyo hupatikana pale tu aina ya geti inapopatana na mahali lilipo.

Yako mageti ya mabawa, moja au mawili, yanayozunguka juu ya bawaba kama milango ya kale ya Lamu na Mombasa. Mikono ya mota huyavuta na kuyasukuma. Hupendeza macho, na hayataki nafasi ubavuni mwa ukuta. Lakini kila bawa lahitaji uwanja wa kuzungukia: lango la upana wa mita 4 lenye mabawa mawili lala mita 2 za ua wako, na gari lililoegeshwa hapo ni kizuizi. Kulifungulia nje si jawabu, maana njia ni haki ya wapitao, na mtoto wa mtu anaweza kuwa anapita. Tena kama njia ya gari yapanda kutoka langoni kwenda nyumbani, bawa linalofunguka ndani litakwaruza ardhi kabla ya kufika nusu. Hilo ndilo lililotupata sisi. Fundi alilikata geti chini ili lipite, tukabaki na mwanya ambao paka wote wa mtaa waliujua.

Na upo upepo. Anayeishi karibu na bahari aujua Kusi. Bawa lililofunikwa bati zima ni tanga la jahazi, na kila upepo unaposhika ndipo mkono wa mota unapoumia. Mota zilizoandikwa kwamba zamudu bawa la mita 3 aghalabu hazikufikiria ufuo wa Nyali au Diani.

Yako pia mageti ya kuteleza, yanayokwenda ubavuni juu ya reli kwa magurudumu, yakivutwa na gia ya mota iliyoshika ukanda wenye meno. Haya hayajali mteremko wa kuingia ndani wala hayasumbuliwi sana na upepo, na ua wote hubaki huru. Sharti lake ni ukuta ulionyooka ubavuni, wenye nafasi isiyopungua upana wa lango na kidogo zaidi. Lango la mita 4 halitajificha katika mita 3, hata fundi aapeje. Adui wake ni mchanga. Kule Kikambala na Malindi upepo hujaza reli usiku mmoja, na mvua za masika huleta matope. Mwenye geti la reli hana budi kukubali ufagio kila asubuhi, au amwambie fundi aiinue reli kidogo juu ya saruji na kuacha njia ya maji.

Jambo moja katika mageti haya yapasa lisemwe wazi. Geti la kuteleza halina bawaba za kulishika. Likivuka mwisho wa reli, au likichomoka kwenye vizuizi vya juu, huanguka chini lote kwa uzito wake. Bati la chuma la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba. Geti la mita 4 kwa 2 ni zaidi ya kilo 125 kabla ya kuhesabu fremu. Lisimamishwe vizuizi imara vya chuma pande zote mbili za mwendo wake, vilivyochomelewa au kufungwa kwenye zege, si kijiti cha nondo kilichopigwa ardhini. Hili likikosekana, msilipe.

Ipo aina ya tatu isiyogusa ardhi, inayoning'inia kwa mhimili wake ubavuni. Yafaa sana penye mchanga, ila yataka nafasi ya ubavuni takriban mara moja na nusu ya upana wa lango, na gharama yake si ya kila mtu.

Kuhusu kifaa, chumvi ya bahari haina huruma. Chuma cha bomba huoza kutoka ndani, mahali rangi haifiki, na mwenye nyumba hugundua siku gurudumu linapozama. Afadhali chuma kilichochovywa zinki baada ya kuchomelewa, si kabla, maana moto wa kuchomelea huiunguza zinki pale pale panapohitaji kinga. Bomba ziachiwe matundu madogo chini ili maji yatoke. Alumini haishiki kutu na ni nyepesi, jambo linaloipumzisha mota, lakini ifungwe kwa skrubu za chuma cha pua.

Wengi wetu twataka bati zima kwa ajili ya sitara, na sababu naielewa. Lakini wazee wetu walilitatua jambo hili kabla ya mota kuzaliwa: madirisha ya kimia na mbao za kuinama yalipitisha upepo na kuzuia macho. Fundi wa leo aweza kupanga mapezi ya alumini yaliyolala upande, ambayo mpita njia haoni ndani na Kusi hupita bila kulisukuma geti.

Mota nayo ichaguliwe kwa uzito wa geti, na isiwe inatumia nguvu zake zote kila siku. Geti la kilo 300 lipewe mota ya kilo 500. Muhimu zaidi kwetu ni betri. Mota za volti 12 au 24 zenye betri ndani huendelea kufanya kazi stima ikipotea, na paneli ndogo ya jua yaweza kuichaji. Zile zinazokula volti 240 moja kwa moja, bila betri, ndizo zilizomlisha mama mkwe wangu pilau barazani kwa watu. Kiwekwe pia kinga ya radi, na matundu ya boksi yazibwe vizuri: mjusi mmoja aliyejilaza juu ya sakiti kutafuta joto alitugharimu bodi nzima.

Sasa nije kwa watoto, na hapa naomba kila mama asome polepole. Mwaka 2010 nchini Uingereza, katika muda usiotimia wiki moja, mabinti wawili, mmoja wa miaka 6 mjini Manchester na mwingine wa miaka 5 huko Bridgend, Wales, walifariki baada ya kubanwa na mageti ya umeme. Huko Bridgend, uchunguzi ulionyesha kwamba nguvu ya geti kujifunga ilizidi viwango vya usalama. Viwango vya Ulaya vyataka nguvu ya kubana penye mwanya mdogo isizidi nyutoni 400, takriban uzito wa kilo 40, tena kwa chini ya sekunde moja kabla ya kulegea. Fundi anayeongeza nguvu ya mota ili kulivuta geti linalokwama huwa ameondoa kinga hiyo kwa bisibisi moja.

Basi dai macho ya miale yanayolisimamisha geti kitu kinapokatiza, pande zote za lango, na jicho moja liwe chini kiasi cha goti, maana lililo kiunoni mwa mtu mzima halimwoni mtoto anayetambaa. Geti la vyuma vya wazi lifunikwe wavu mahali linapopita kando ya nguzo, ili mkono mdogo usiingie. Kisha mjaribu mbele ya fundi: simamisheni gunia lililojazwa matambara njiani mwa geti, nanyi mkae mbali, mtazame kama litarudi nyuma. Likirudi, jaribuni tena kando ya nguzo ya mwisho, ambako watoto hupenda kujificha. Rimoti isiwe kitu cha kuchezea kwenye gari, hata mtoto alie kiasi gani.

Sisi tuliishia kubomoa na kuanza upya. Tuliweka geti la kuteleza la mapezi, kwa kuwa ukuta wetu wa kulia una mita 6 zilizonyooka, na tukaufungua tena mlango mdogo pembeni, wenye komeo. Ufunguo wa kuilegeza mota wananing'inizia nakala mbili: moja jikoni nyuma ya mlango, nyingine kwa jirani yule yule. Mama mkwe alipokuja Ijumaa iliyofuata alitaka kufundishwa. Aligeuza ufunguo, akalisukuma geti kwa mkono mmoja, kisha akalirudisha, akalifungua tena mara tatu huku wajukuu wakihesabu.