Bei ya stroberi huanzia kwenye matandazo

MKULIMA wa stroberi hapambani na bei peke yake. Hupambana pia na saa. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa tunda hili ni maji, ngozi yake ni laini mno, na likishachumwa haliendelei kuiva kama ndizi au embe. Linachoweza kufanya baada ya hapo ni kuharibika tu.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa hoteli au duka kubwa hapokei stroberi yenye mchanga, iliyobonyea au yenye alama ya kuoza. Mzigo wa aina hiyo hurudishwa, au huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengeneza jamu.

Hesabu yake ni rahisi. Mkulima aliyechuma kilo 100 amekwisha kulipia miche, mbolea, vibarua na usafiri kwa kilo zote 100. Zikikataliwa kilo 20, gharama hiyo hiyo inabebwa na kilo 80 zilizobaki. Maana yake, gharama ya kila kilo iliyouzwa imepanda kwa robo nzima, ilhali bei ya sokoni haikupanda hata senti moja.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo huweza kuzuiwa shambani kwa matandazo. Wakulima wengi huyachukulia matandazo kama njia ya kupunguza palizi na kutunza unyevu. Hayo ni kweli, lakini kwa stroberi kuna faida nyingine iliyo karibu zaidi na mfuko: tunda hulala chini. Pasipo kitu cha kulitenga na udongo, hugusa ardhi yenye maji, na kila tone la mvua hulirushia tope pamoja na vimelea vya magonjwa.

Tunda lililochafuka haliokolewi kwa kuoshwa. Maji yanayobaki juu ya ngozi huharakisha ukungu, ndiyo maana stroberi inayokusudiwa kuhifadhiwa haioshwi hadi wakati wa kuliwa. Usafi wake sharti utoke shambani.

Matandazo yapo ya aina mbili kuu. Ya kwanza ni mabua ya ngano au mpunga na nyasi kavu, yanayotandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 8. Hupooza udongo, hunywa nguvu ya matone ya mvua, na baadaye huoza kuwa mboji. Hata hivyo, yasipochaguliwa vizuri huleta mbegu za magugu, huwapa konokono maficho, na yakichanganyika na udongo kabla ya kuoza huweza kuunyima mmea naitrojeni kwa muda.

Aina ya pili ni nailoni nyeusi, ambayo hufunikwa juu ya matuta na kutobolewa matundu ya miche. Hii huzuia magugu barabara, huweka matunda mbali na udongo, na hupasha ardhi joto. Joto hilo ni faida kwenye baridi, lakini mahali penye jua kali huweza kuitesa mizizi, na hapo nailoni yenye uso mweupe au wa rangi ya fedha hufaa zaidi. Kwa kuwa mvua haipenyi kirahisi, mkulima huhitaji mipira ya umwagiliaji wa matone chini yake. Aidha, nailoni ikichakaa ni lazima iondolewe shambani, na hiyo nayo ni gharama.

Wakati wa mvua, uso mgumu wa nailoni hurusha matone mbali kuliko nyasi, na kwa njia hiyo huweza kusambaza magonjwa ya kuoza matunda. Wapo wanaochanganya: nailoni juu ya tuta, nyasi kwenye vijia vya katikati. Kwa mkulima wa Lushoto, ambaye huonja masika na vuli, jambo hili si la kupuuza.

Hata hivyo, matandazo si dawa ya kila kitu. Ukungu wa kijivu, adui mkubwa wa stroberi ghalani, mara nyingi huingia tangu kwenye ua na kujificha hadi tunda linapoiva. Kuondoa majani yaliyokufa na matunda yaliyooza, pamoja na kuacha nafasi ya hewa kupita, bado ni kazi ya lazima. Tunda moja lenye ukungu huambukiza yaliyo jirani nalo ndani ya kikasha.

Baada ya kuchuma, kazi iliyobaki ni ya ubaridi. Stroberi nzima na safi, ikiwekwa kwenye nyuzi joto sifuri za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 90 hadi 95, hukaa takriban wiki moja. Katika joto la kawaida la Dar es Salaam, siku moja au mbili hutosha kuimaliza. Inashauriwa mzigo upoozwe ndani ya saa moja tangu kuchumwa, uchumwe asubuhi ukiwa na vikonyo vyake, na upangwe kwenye vikasha vifupi ili matunda ya juu yasiponde ya chini.

Kutoka Lushoto gari huteremka hadi Mombo, kisha hushika barabara kuu kuelekea pwani, na kila kilomita huongeza joto. Mfanyabiashara asiye na gari la ubaridi ana njia moja ya kujilinda, nayo ni kupakia tunda lisilo na kovu wala tope. Jokofu hutunza ubora uliokuwepo, haliwezi kuuongeza.

Kwa anayepanga msimu ujao, basi, gharama ya nyasi au nailoni isiandikwe pamoja na palizi peke yake. Iwekwe kando ya kilo zinazorudishwa mlangoni mwa mnunuzi, kisha zilinganishwe.