Lubumbashi: glasi tano za divai ya Uhispania, na somo la kusoma mgongo wa chupa

LUBUMBASHI, Haut-Katanga. Chupa tano ziko juu ya meza, lakini zote zimegeuzwa: mgongo uko mbele, uso uko nyuma. Mama anayeongoza kikao amezipanga hivyo makusudi. Anawaeleza wageni wake saba kwamba uso wa chupa unatengenezwa na anayetaka kuuza. Mgongo ndio unaosema divai ilitoka wapi na nani aliyeikagua.

Tuko sebuleni, katika nyumba moja ya kartie Golf. Si sherehe: hakuna muziki, na simu zimewekwa pembeni. Wageni wamechanga pesa za kununua chupa, na mama huyu, aliyejifunza kazi ya divai Ulaya kabla ya kurudi nyumbani, anawatembeza jioni moja katika majimbo ya divai ya Uhispania. Kwa kuwa ni kikao cha watu binafsi, wote wameomba majina yao yasiandikwe.

Aliyekuja na sababu nzito kuliko wengine ni papa mmoja anayeozesha binti yake mwezi ujao. Katika mji huu, harusi isiyokuwa na vinyo kwenye meza ya wakwe inaleta maneno. Dukani alionyeshwa katoni za chupa zilizovikwa wavu wa rangi ya dhahabu, zenye neno « Reserva » kwa herufi kubwa. Bei ilimshtua, akaomba siku chache za kufikiri. Anachotaka kujua ni kimoja: neno lile lina maana, ao atakuwa amelipia dhahabu ya rangi tu?

Mama hamjibu mara moja. Anamwambia avumilie hadi glasi ya pili.

Divai ya nchi ya mvua

Kwanza wanafundishwa kuonja: kutazama rangi kwenye mwanga, kunusa, kuzungusha kidogo mdomoni, kisha kutema ndani ya beseni. Hapo kicheko kinaanza. Kutema kitu ulichochangia pesa si jambo jepesi kwa mtu wa Lubumbashi, na mzee mmoja anatangaza wazi kwamba yeye atameza. Mama anamruhusu, ila anamkumbusha kwamba bado kuna glasi nne na barabara ya kurudi nyumbani.

Glasi ya kwanza ni nyeupe, kali kidogo kama maji ya ndimu. Kwenye chupa kuna majina mawili: Albariño na Rías Baixas. La kwanza ni aina ya zabibu, la pili ni mahali. Wengi huyachanganya. Rías Baixas iko Galicia, kaskazini-magharibi ya Uhispania, kando ya bahari ya Atlantiki, kwenye mvua nyingi. Ili zabibu zisioze kwa unyevu, wakulima wengi huziinua juu ya vichanja vinavyoshikiliwa na nguzo za mawe, upepo upite chini yake. Jina la Rías Baixas linalindwa na sheria tangu mwaka 1988.

Kule watu huinywa na vyakula vya bahari. Hapa mama ameleta sahani ya ndakala zilizokaangwa na kukamuliwa ndimu. Sahani inaisha kabla ya glasi.

Wavu wa dhahabu na neno « Reserva »

Glasi ya pili ni nyekundu, kutoka Rioja, jimbo la divai lenye jina kubwa kuliko yote nchini Uhispania. Liko kando ya mto Ebro, na zabibu yake kuu inaitwa Tempranillo. Katika karne ya 19, ugonjwa ulipoharibu mizabibu ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux walivuka milima kutafuta divai Rioja. Ufundi wao wa kulaza divai katika mapipa madogo ya mwaloni ukashika mizizi huko, na Rioja ikajulikana kwa divai inayosubiri.

Hapo ndipo papa wa harusi anapata jibu lake. Huko Rioja, maneno haya ni sheria. Divai nyekundu ikiandikwa « Crianza », imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati yake ndani ya pipa. « Reserva » ni miaka mitatu, na angalau mmoja katika pipa. « Gran Reserva » ni mitano, na angalau miwili katika pipa. Baraza la usimamizi la Rioja hutoa muhuri wenye namba, unaobandikwa mgongoni mwa chupa. Rangi zake zimezoeleka: kijani kwa divai ya kawaida, nyekundu kwa Crianza, zambarau iliyoiva kwa Reserva, buluu kwa Gran Reserva.

Na wavu? Zamani ulikuwa kinga. Chupa zenye jina zilipoanza kughushiwa, wavu wa waya ulizuia watu kutoa kizibo, kubadilisha divai na kurudisha kizibo mahali pake. Leo umebaki pambo, na kila mtu anaweza kuuvika chupa yake.

Papa anaomba ruhusa ya kuchukua simu, anaonyesha picha aliyopiga dukani, uso na mgongo. Mama anaikuza na kusoma polepole. Hakuna jina la jimbo, hakuna muhuri wala namba, hakuna mwaka wa mavuno. Chupa haikutoka hata Uhispania. Neno ni la Kihispania, lakini divai ilitengenezwa katika nchi nyingine, na ziko nchi ambako neno « Reserva » halimfungi mtengenezaji kwa muda wowote. Mama anasema inaweza kuwa divai ya kunyweka vizuri tu. Ila bei aliyotajiwa ilikuwa bei ya miaka mitatu, na miaka hiyo hakuna anayeweza kuithibitisha.

Papa anacheka kwa uchungu kidogo. Katoni kumi za chupa ile zingekula sehemu kubwa ya michango ya jamaa.

Mlima kama wetu

Glasi ya tatu inatoka Ribera del Duero, na zabibu ni ileile Tempranillo, ingawa huko wanaiita Tinto Fino. Rangi ni nzito zaidi, na ladha inakaa mdomoni muda mrefu. Sababu kubwa ni kimo. Mashamba ya Ribera yako kati ya mita 700 na 1000 hivi juu ya bahari. Mchana jua huivisha matunda, usiku baridi huyapumzisha, na hivyo zabibu hupata utamu bila kupoteza ule ukali unaoamsha ulimi.

Mwanamke mmoja anauliza kama basi na sisi tungeweza. Lubumbashi iko kwenye mita 1200 hivi, na asiyejua baridi ya usiku wa mwezi wa sita hajalala hapa. Mama anajibu kwamba kimo peke yake hakitoshi. Mvua zetu huanguka wakati wa joto, na unyevu ni adui wa mzabibu. Lakini swali si la kuchekwa: Dodoma, Tanzania, mizabibu iliyoletwa na wamisionari inavunwa mara mbili kwa mwaka, na divai ya Dodoma inanywewa leo na watu wanaozungumza lugha hii hii.

Jiwe la mgodi

Chupa ya nne ndiyo iliyokula michango mingi. Katika maduka ya hapa, chupa moja ya Priorat inaweza kupita bei ya mfuko wa unga wa kilo 25. Mama anajua jambo hilo linawasumbua wageni, naye analisema yeye mwenyewe kabla hajaulizwa.

Priorat ni eneo dogo la milima huko Catalonia. Jina linatokana na prior, mkubwa wa monasteri ya Scala Dei, ambako watawa walilima mizabibu tangu karne ya 12. Udongo wake ni mawe meusi ya matabaka yanayoitwa llicorella. Mizizi hushuka kati ya mipasuko ya mawe kutafuta maji, na kila mzabibu hutoa matunda machache. Mahali pengi miteremko ni mikali, kazi inafanywa kwa mikono na nyumbu.

Kisha anatoa habari inayonyamazisha meza. Katika eneo hilohilo kulikuwa na mgodi wa risasi, kwenye kijiji cha Bellmunt. Mgodi ulifungwa, na leo ni jumba la makumbusho. Vijana walikuwa wakihamia mijini, mashamba yakiachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kikundi kidogo cha watengenezaji, wakiwemo René Barbier na Álvaro Palacios, kiliamua kutengeneza divai ya bei ya juu kutoka mizabibu mizee ya Garnacha na Cariñena iliyobaki kwenye mawe yale. Leo Priorat na Rioja ndizo pekee zenye daraja la juu kabisa kati ya majina ya divai ya Uhispania.

Kwa watu wa mji uliozaliwa na shaba, hii si habari ya divai tu. Mzee aliyekataa kutema anakumbuka jinsi kazi zilivyopungua Gécamines, na familia zilizobaki bila mshahara. Anasema kile kilichotolewa chini ya ardhi kilikwenda mara moja, bila kurudi. Kule, mawe yaleyale yameendelea kulipa kila mwaka.

Ya mwisho: chumvi na subira

Glasi ya tano inatoka Jerez, kusini kabisa, kwenye udongo mweupe kama chokaa. Wageni wanatarajia utamu, lakini hii, ya aina ya fino, haina sukari hata kidogo. Juu ya divai ndani ya pipa hukaa tabaka la chachu hai, Wahispania wanaliita flor, yaani ua, nalo huikinga divai na hewa. Divai ya mwaka mpya huongezwa kidogo kidogo katika mapipa ya miaka iliyotangulia, hivyo kila glasi ina vijana na wazee ndani yake. Mama ameleta kalanga zilizokaangwa na chumvi. Nusu ya wageni hawaipendi. Nusu nyingine wanaomba kuongezewa.

Chupa iliyopita Kasumbalesa

Kabla ya kumaliza kuna somo moja la hapa kwetu, ambalo vitabu vya Uhispania havina. Divai ya Ulaya hufika Lubumbashi baada ya safari ndefu ya meli, kupitia bandari kama Dar es Salaam ao Durban, kisha lori kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, kilometa 90 hivi kutoka hapa. Lori likikwama siku kadhaa kwenye foleni chini ya jua la mwezi wa kumi, divai inapikwa ndani ya chupa, na hakuna jina litakaloiokoa.

Ushauri wake ni huu: tazama kama kizibo kimesukumwa juu, ao kama kuna alama ya divai iliyovuja shingoni. Usinunue chupa iliyokaa dirishani penye jua. Na kabla ya kununua katoni kumi, nunua chupa moja, uionje nyumbani.

Na majina yetu?

Mazungumzo ya mwisho hayahusu Uhispania tena. Nchi ile ina majina mengi ya divai yanayolindwa na sheria, karibu yote yakiwa majina ya mahali. Mkulima wa Rioja akiuza, anauza na jina la kwao. Congo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, lakini anayenunua simu ao gari la umeme haoni popote jina la Kolwezi ao la Likasi.

Kahawa ya Kivu nayo kwa miaka mingi ilivushwa mipaka kwa magendo na kuuzwa kwa jina la nchi jirani. Mashindano ya kuonja kahawa ya Saveur du Kivu, huko Bukavu, yalianzishwa ili wanunuzi wa kigeni wajue kahawa hiyo kwa jina lake. Cameroun imekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2013, pilipili ya Penja ina jina linalolindwa, na asiyelima Penja haruhusiwi kulitumia.

Mwanamke yule anauliza ni nani atakayekuwa wa kwanza kuandika kwenye chupa munkoyo wake umetoka kijiji gani. Hakuna anayemjibu, lakini hakuna anayecheka.

Papa wa harusi amekwisha kuamua. Meza ya wakwe itapata chupa chache za Rioja zenye muhuri mwekundu wa Crianza, ambazo ataonja moja kwanza. Meza nyingine zitapata Simba na munkoyo, kama harusi zote za hapa. Pesa itakayobaki ni ya vijana waanze maisha.

Wakati wengine wanaaga, yeye anabaki na simu yake mezani, anapiga picha chupa moja moja. Migongo mitano. Nyuso hakuzigusa.